Vidato Nilivyovifunga kwa Mkono Wangu

Mwuzaji alitandaza vidato vya aina tatu juu ya kaunta, kisha akaniuliza mimi, si mume wangu, nakipenda kipi. Nafikiri alikwisha kuona nani kati yetu hana amani. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, sare ya bluu mwilini na mtandio kichwani, na kile kidato cha kwanza nimekishika kwa mikono miwili nakivutavuta nitafute kitakapokatikia.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2018, katika duka la vifaa vya uwindaji huku Arlington, Marekani, lenye wanyama waliokaushwa wamepangwa juu ya makabati wanakutazama. Mume wangu alikuwa ameamua kupanda juu ya mti na upinde, akae humo nusu siku akimngoja kulungu apite chini yake. Nilikwisha kukataa. Nilikwisha kununa. Nilikwisha kulia mbele yake, jambo nisilolipenda hata kidogo. Mwisho nikamwambia: kama lazima upande, basi vidato nitachagua mimi na nitavifunga mimi. Alikubali upesi mno. Alidhani nitachoka.

Mimi sichoki, ndiyo kasoro yangu.

Kwetu Pemba kidato ni ule mkato wanaoutia wakwezi kwenye shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Huku kidato ni kipande cha chuma chenye mkanda wake. Unauzungusha mkanda kwenye mti, unaukaza kwa bizimu, unakanyaga, unafunga kingine juu yake, na ukimaliza unavifungua vyote na mti unabaki kama ulivyoukuta. Nilipovielewa nilivutiwa, sitaficha. Halafu nikakumbuka vinafanya kazi gani, nikachukia tena.

Baba yangu alikuwa mchuma karafuu. Alianguka mimi nikiwa na miaka tisa, kwa kuwa tawi la mkarafuu halikupi taarifa, linakatika tu. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, kitandani, ukumbini, na mama akimgeuza ubavu kila baada ya sala, mara tano kwa siku, ili asifanye vidonda. Kwa hiyo mimi adhana niliijua kwa namna yangu. Ikilia, mama anatandika msala, anasali, anakunja msala, anamgeuza baba. Nilipokuja Marekani nikasomea usaidizi wa tiba ya viungo, na watu wa nyumbani wakasifu kwamba nimeifuata huruma. Huruma gani. Nilikuwa naifuata kazi niliyokwisha kuijua.

Na kituoni kwetu, kila Novemba, msimu wa uwindaji, waliletwa wanaume walioanguka kutoka mitini. Miaka ya mwanzo sikuamini. Wachuma karafuu wanapanda kwa njaa, hawa walipanda kwa starehe, siku ya mapumziko, wakiwa na friji nyumbani imejaa nyama. Nimewafundisha watu wazima kukaa kitako upya. Nimewashika mabega wakilia. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa na sharti moja tu ambalo ukilivunja hana mzaha na wewe: usimwambie mgonjwa kidole chake kimecheza kama hakikucheza. Sema ulichokiona. Matumaini ya uongo, alituambia, mgonjwa atakuja kuyalipa mwenyewe, wewe ukiwa umekwenda zako nyumbani.

Haya yote mume wangu aliyajua. Nilimsimulia kila msimu, tena kwa makusudi, wakati wa kula.

Lakini yeye alikuwa na mama yake. Mama mkwe alikuja kutoka Unguja mwaka 2017, tukampa chumba cha nyuma, na kwa muda mfupi tukagundua kwamba hali nyama ya dukani. Hakugomba. Hakumwita mtu kafiri. Alisema tu, "Mie sili nisichokijua kimekufaje," akasogeza sahani, akala wali kwa mchuzi wa kunde. Jumamosi moja rafiki wa mume wangu, Mmombasa anayeuza magari yaliyotumika kule Houston, alitupitia na paja zima la kulungu aliyempiga kwa mshale. Mume wangu alilipika yeye mwenyewe, pilau, kwa furaha ya kitoto. Mama mkwe akauliza, "Huyu kachinjwa?"

"Alipigwa mshale, mama, na Bismillahi ilisomwa."

"Alhamdulillahi. Basi kuleni nyinyi, wanangu."

Mume wangu ni mtoto wake wa pekee. Nilimwona uso ulivyomshuka. Toka siku ile ikawa hana neno jingine, atampiga kulungu wake mwenyewe na atamwahi yu hai, amchinje kwa kisu, mama yake ale. Tulikwenda mpaka msikitini Richardson kumwuliza sheikh. Sheikh akatueleza vizuri, bila haraka: ukitaja jina la Mungu unapoachia mshale, ukamkuta amekwisha kufa, ni halali yako, ukimkuta hai, mchinje, lakini hukulazimishwa kukimbia. Akatabasamu akaongeza, "Wala usivunjike mguu kwa jambo hili." Nilimshukuru kwa moyo wote. Tukarudi, mume wangu akampa mama yake maneno ya sheikh neno kwa neno, na mama mkwe akatikisa kichwa. "Sheikh kasema kweli tupu. Ni moyo wangu tu, haukubali." Sasa mtu wa namna hiyo utabishana naye vipi?

Turudi dukani. Kidato cha kwanza kilikuwa cha chuma kilichopindwa, kinafungwa kwa kamba nyembamba. Nilikikataa bila kukijadili. Cha pili kilikuwa cha alumini, chepesi, kizuri hata kukitazama, na mume wangu alikuwa amekwisha kukipenda. Lakini mkanda wake ulikuwa mwembamba na mgongoni kilikuwa laini, hakuna kitu cha kung'ata gamba la mti. Cha tatu kilikuwa kizito, kipana pa kukanyagia, mkanda wake upana wa vidole vitatu, na mgongoni kina meno.

"Hiki," nikasema.

"Kizito hicho, mke wangu. Tunahitaji kumi na viwili. Nitavibeba vipi msituni?"

"Utavibeba. Au baki nyumbani."

Mwuzaji alicheka, na kabla ya kutufungia mzigo akatupa mawaidha ambayo huwapa wateja wapya. Usifunge kwenye mti mkavu, gamba linabanduka na kidato chako. Funga kidato cha mwisho juu zaidi ya kile kiti unachokifunga mtini ukae, ili uingie kitini kwa kushuka, si kwa kupanda. Jifunge mikanda ya mwilini, na kulabu yake iwe kwenye kamba ya usalama toka unapoiacha ardhi hadi unapoikanyaga tena. Na ukishampiga mnyama, kaa kimya juu ya mti nusu saa nzima. Mnyama asipofukuzwa hulala karibu akafa, na wewe mikono itakuwa imeacha kutetemeka. Wawindaji wengi, alisema, huanguka wakati wa kushuka.

Niligeuka kumtazama mume wangu kwenye ile habari ya nusu saa. Alikuwa anaangalia rafu ya mabuti.

Nyuma ya nyumba zetu za kupanga palikuwa na mwaloni mmoja, na hapo ndipo nilipojifunza. Kila nikitoka kazini nilifunga na kufungua. Vidole viliota sugu. Nilijifunza kwamba kukaza mkanda peke yake hakutoshi. Ukishaukaza unakigonga kidato kwa juu kwa kisigino cha kiganja, meno yaingie, kisha unakaza tena, kwa kuwa mkanda umelegea bila wewe kuona. Mkanda ulale bapa, usipinde hata mara moja. Ncha iliyobaki unaichomeka ndani isije ikashika mguu wa mtu. Halafu unasimama juu ya kidato cha chini kabisa kwa miguu miwili na unaruka. Niliruka pale mbele ya majirani, na nguo yangu ndefu, mpaka meneja wa nyumba akaja kuniuliza ninaufanya nini mti wake. Nikamwambia naufanyia mazoezi. Akasema nivitoe. Nikavitoa, nikasubiri gari lake liondoke, nikavirudisha.

Sikuweza kumzuia asipande. Hilo nililijua. Lakini kila nilipokigonga kile chuma mtini nilijidanganya kwamba kuna kitu ninakifanya.

Shamba la kuwindia lilikuwa la tajiri mmoja, kaskazini ya Houston, kwenye misonobari, na yule rafiki wa Mombasa alikuwa na ruhusa ya kuwinda humo. Kwetu ni safari ya saa tatu kwa gari. Msimu wa kwanza tulikwenda mara sita na hatukupata kitu zaidi ya mafua. Nilikuwa nafunga vidato, namkagua mume wangu mikanda yake ya mwilini kama mama anayempeleka mtoto chekechea, nampandisha, kisha nakwenda kukaa kwenye kibanda cha turubai hatua kama arobaini kutoka mtini. Humo sharti lilikuwa kunyamaza. Rafiki alinifunza kwa ukali wa kirafiki.

"Shemeji, huku hakuna story. Uki-talk kidogo tu, ashaenda. Hata kikohozi meza. Tumetoka mbali, usitu-spoilie."

Nilimeza kikohozi mpaka machozi yakanitoka. Nilijifunza kunywa maji bila kugonga chupa. Siku moja kulungu jike alipita karibu nami nikaweza kuhesabu kope zake, na ndege mmoja alipiga kelele, na yule jike akaruka na kupotea hata kabla sijajua nimesikia nini. Mume wangu hakunisemesha njia nzima hadi Arlington, utafikiri ndege alikuwa mimi. Basi nikawa hodari wa kunyamaza, mwanafunzi bora kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba ya mwaka 2019. Tulisali adhuhuri kando ya gari. Rafiki alikwenda upande wa pili wa shamba, karibu na lango, sisi tukaenda kwenye msonobari wetu. Nilifunga vidato vyote kumi na viwili. Nilivigonga, nikavikaza mara ya pili, nikavirukia vile vya chini. Mume wangu akapanda. Juu kabisa alinionyesha kulabu ikiwa kwenye kamba, akaitikisa nione. Nilimwinulia kidole gumba nikaenda kibandani.

Kulungu alitokea alasiri, dume, peke yake. Nilimwona kabla ya mume wangu. Niliona mkono ukivuta upinde, nikasikia mlio mdogo sana, na dume akaruka, akakimbia kwa kuyumba, akaanguka kwenye gogo hatua kama hamsini kutoka mtini. Hakufa. Alilala na kichwa akiwa amekiinua, anatazama huku na huku.

Nikamtazama mume wangu. Nusu saa, nilisema moyoni. Kaa nusu saa.

Alikaa kama dakika moja. Kisha akachomoa kisu kiunoni, pamoja na ala yake, akakishika mkono wa kulia. Halafu mkono wa kushoto ukaenda kifuani. Nilijua unatafuta nini. Ile kamba ya usalama ina fundo linalobana; ukitaka kushuka nayo lazima ulisogeze fundo kila hatua, polepole, na yeye polepole hakuwa nayo. Kule chini kwenye gogo kilikuwa kimelala chakula cha mama yake, bado kinapumua.

Aliitoa kulabu.

Nilifungua kinywa. Ningepiga kelele angesimama, hilo nina hakika nalo hadi leo, angegeuka kunitazama na angekasirika na angesimama. Na yule dume angeinuka akakimbia, na mwaka mzima na nusu ungekwenda bure kwa sababu yangu. Hayo yote niliyafikiri kwa muda usiotosha hata kupiga chafya. Kinywa kilibaki wazi bila sauti. Mume wangu aligeukia mti, akashuka kidato cha kwanza, cha pili, akiwa na mkono mmoja tu wa kushikia, na kwenye cha tatu hakutazama chini. Alikuwa anamtazama kulungu.

Mguu ulipita kando ya kidato. Kando tu, upana wa mkono. Alianguka kwa mgongo juu ya mzizi, na ule mlio sitauandika.

Nilifika kwake sijui vipi. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anahema.

"Yu hai?" akaniuliza. Anamwulizia kulungu.

"Usijitikise. Usinyanyue kichwa."

"Chukua kisu. Nenda kamchinje. Wahi, kabla hajafa."

"Nyamaza! Nyamaza kabisa wee!" Sasa ndiyo nikapata sauti ya kupiga kelele. Msitu mzima ulinisikia. Nilipiga simu ya dharura, nikampigia rafiki, nikapiga magoti, na mikono yangu ikaanza yenyewe kazi yake ya kila siku. Niliminya paja. Niliminya goti. Sikumwuliza kama anasikia, kwa kuwa uso wake ulikuwa umekwisha kunijibu.

Rafiki alifika akikimbia, kofia imeanguka. Nikamwambia akae miguuni ashike mabuti, asiyaache yageuke, na mimi nikashika kichwa. Ndivyo tulivyokaa tukingoja. Ndipo mume wangu akasema, "Mbona mnanishika kama maiti? Mie mzima. Natikisa vidole, huvioni?"

Nikatazama mabuti. Nimetazama miguu ya watu kwa miaka mingi. Najua kidole kinavyosukuma ngozi ya kiatu hata kikiwa na nguvu ya mtoto mchanga. Mabuti yale yalikuwa kama yako dukani.

"Huvioni?" akarudia, na shingo yake ikaanza kukaza chini ya mikono yangu. Alitaka kuinuka atazame mwenyewe. Kama angeinuka, hata kile kidogo ambacho huenda kilikuwa hakijakatika kingekatika. Nilimshika kwa nguvu zote na nguvu hazikutosha, kwani ni mtu wa miraba minne.

"Naviona," nikasema. "Vinacheza. Naviona, mume wangu, vinacheza. Sasa tulia."

Akatulia. Alitulia kabisa, akafumba macho, akasema Alhamdulillahi. Kule kwenye gogo majani yalichakarika kidogo, kisha yakanyamaza.

Gari la wagonjwa lilishindwa kuingia kwa sababu ya tope. Walikuja kwa miguu na ubao, wakamfunga vizuri, kazi safi, sikuwa na la kuwasahihisha. Walikuwa watatu, na ubao ulihitaji wanne, rafiki akashika upande wa miguu. Mara moja, walipokuwa wanavuka mtaro, aliteleza, goti likagusa tope, ubao ukainama kidogo na ukarudi sawa. Basi, ni hilo tu lililotokea. Niliona kwa macho yangu, na halikuwa kitu.

Houston walimpasua siku ileile. Daktari alinieleza mimi kwanza, barazani, kwa maneno ambayo niliweza kumsaidia kuyamalizia. Mume wangu alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Hapana, daktari. Nilipoanguka miguu yangu ilikuwa mizima. Vidole vilikuwa vinacheza. Mke wangu ndiyo kazi yake hii, aliviona. Mimi niliharibiwa nilipobebwa."

Daktari alinitazama. Nilitazama sakafu.

Nilijiambia nitamweleza akipata nafuu. Kisha akahamishiwa kwenye kituo cha tiba ya viungo, si chetu, na kila asubuhi walipomwamsha kwa mazoezi alifanya kazi ya watu wawili, kwa sababu aliamini miguu iliyocheza siku moja itacheza tena. Walimu wake walimsifu. Ningemvunja vipi moyo mtu anayesifiwa? Kisha tukarudi Arlington, na mwaka 2020 dunia ikafungwa, tukabaki watatu ndani ya nyumba. Mama mkwe alijifunza kumgeuza ubavu. Sikumfundisha mimi, alinitazama tu. Alfajiri nilimsikia anakunja msala wake, kisha hatua zake ukumbini, na nilikuwa nalala pale chumbani nikiwa na miaka tisa tena. Habari ya nyama hakuitaja. Siku moja tu aliniambia, tukiwa jikoni, "Mwanangu, ningelikula tu lile paja." Akaendelea kumenya vitunguu.

Lawama zote za mume wangu zilikuwa juu ya rafiki yake. Alikataa simu zake. Alimfuta. Kila aliyempigia kumjulia hali, wa Lewisville, wa Unguja, alimsimulia habari ya mtaro na goti lililoteleza, na kila mara akamalizia, "Mwulizeni mke wangu." Nao hawakuniuliza, na mimi sikusema. Hodari wa kunyamaza.

Mwezi wa Septemba rafiki akaja bila kuitwa. Alisimama mlangoni na barakoa usoni, mkononi ana mfuko mzito. Alikuwa amekonda. Mama mkwe akamkaribisha kabla sijajua la kufanya, naye akaingia mpaka kwenye kiti cha magurudumu cha mume wangu, akachuchumaa.

"Ndugu yangu. Nimekuja tuongee."

"Huna la kuongea nami yakhe," mume wangu akamwambia. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mie miguu yangu ilikuwa inacheza. Wewe ndiye uliyeniangusha pale mtaroni. Kama unabisha, mke wangu huyo hapo, mwulize."

Rafiki aliinua kichwa akanitazama. Mama mkwe alinitazama. Mume wangu hakunitazama, hakuwa na haja, alikuwa na yakini nami kuliko alivyokuwa nayo juu ya mtu yeyote duniani. Nilifungua kinywa.

Naapa nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema.

Rafiki akanitangulia. "Siwezi kubisha," akasema. "Niliteleza kweli. Ni mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa polepole, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakumpa mkono, ila alisema, "Mungu atakusamehe," na akageuza kiti kuelekea dirishani.

Nilimfuata rafiki hadi kwenye gari. Alinipa ule mfuko. Ndani yake mlikuwa na vidato vyangu, vimesafishwa, mikanda imeviringishwa.

"Nilim-promise mwenye shamba nitaenda nikavitoe kabla msimu mpya," akasema. "Kumi na kimoja vilifunguka. Hicho kimoja, wallahi shemeji, kilikuwa kimekaza mpaka ikabidi nikate mkanda kwa kisu."

Nilikitafuta, nikakishika. Meno yalikuwa bado na gamba la mti. Nikamwambia, bila kumtazama, "Havikucheza. Siku ile. Nilimdanganya."

"Najua, shemeji," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mabuti."

Akapanda gari akaondoka, safari ya saa nne kurudi Houston. Nilibaki nimesimama na mfuko, na kutoka ndani nikasikia mume wangu anamwambia mama yake, kwa sauti nyepesi ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu mwaka mzima, kwamba sasa hata yeye mwenyewe amekiri.